Mvumo na Mlio: Habari za Pikapu ya Gitaa la Umeme

Wako watu wadhanio ya kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba, na ya kuwa kazi ndogo za mafundi hazistahili kuandikwa mahali pasomwapo na wanachuoni. Fikira hiyo ina upungufu. Vita hubadili mipaka ya nchi, lakini vyombo hubadili masikio, mikono na desturi za watu, na mara nyingi hufanya hivyo bila ya tangazo. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za kitu kimoja kisichozidi sana urefu wa kidole cha shahada, ambacho kimebadili sauti ya muziki wa mabara yote katika muda usiotimia miaka mia moja.

Kitu hicho ni kile kipande kikaacho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, kinachonasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme. Wapigaji hukiita pikapu, nami nitalitumia jina hilo. Kila anunuaye gitaa la umeme hukabiliwa na swali: achague pikapu ya koili moja au ya koili mbili? Wauzaji aghalabu hujibu ya kuwa hilo ni jambo la kupenda tu, kama mtu apendavyo chai ya maziwa na mwenziwe chai ya rangi. Jibu hilo si uongo, lakini halitoshi. Nyuma ya uchaguzi huo iko historia, na asiyeijua huchagua kwa kubahatisha. Tena historia hiyo yapinga dhana moja iliyoenea miongoni mwetu, yaani ya kuwa kila kivumbuliwacho baadaye ni bora kuliko kilichotangulia, na ya kuwa hapana budi cha zamani kitoweke.

Kwanza yafaa tuielewe kazi ya pikapu. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alithibitisha ya kuwa nguvu ya sumaku ikibadilika karibu na waya iliyozungushwa, umeme huzaliwa ndani ya waya ile. Pikapu ni kanuni hiyo iliyotiwa katika gitaa. Sumaku huwekwa chini ya nyuzi, nayo huzungukwa na waya ya shaba nyembamba kama unywele, iliyopitishwa mara elfu kadhaa; mzingo huo ndio koili. Uzi wa chuma ukipigwa hutetemeka juu ya sumaku na kuitikisa nguvu yake, na katika koili hutokea umeme mdogo unaoufuata mtetemo wa uzi. Umeme huo hupelekwa kwenye kikuza sauti, na kutoka huko kwenye spika. Ndiyo sababu gitaa la namna hii halina budi kuwa na nyuzi za chuma. Nyuzi za utumbo wa mnyama au za nailoni haziitikisi sumaku, na pikapu haizisikii kabisa.

Haja iliyokizaa chombo hiki ilikuwa haja ya kusikika. Katika Marekani ya miaka ya 1920 bendi za dansi zilikua, zikajaa tarumbeta, saksafoni na ngoma, na mpigaji wa gitaa akawa kama mnyonge katika baraza la wakuu: alikuwapo, lakini neno lake halikufika. George Beauchamp, mpigaji wa gitaa la namna ya Hawaii aliyefanya kazi Los Angeles, alijaribu hili na lile mpaka mwaka 1931 akapata pikapu iliyofanya kazi. Sumaku zake mbili zilikuwa na umbo la kiatu cha farasi, nazo zilizipitia nyuzi kwa juu na kwa chini. Pamoja na Adolph Rickenbacker na wenzao alianza mwaka 1932 kuuza gitaa la alumini, lililopigwa likiwa limelazwa mapajani, ambalo kwa mwili wake wa duara na mpini wake mrefu watu waliliita kikaango. Aliomba hataza mwaka 1934, akaipata mwaka 1937. Kikaango hicho huhesabiwa kuwa babu wa ukoo wote tunaouzungumza.

Kampuni ya Gibson ya mji wa Kalamazoo, Michigan, nayo ilitoa gitaa lake la ES-150 mwaka 1936, lenye pikapu ya koili moja na upau mmoja wa chuma uliopita chini ya nyuzi zote sita. Chombo hicho labda kingebaki bidhaa katika orodha ya bei, lau kisingeangukia mikononi mwa kijana mweusi aliyelelewa Oklahoma, Charlie Christian, mzaliwa wa Texas wa mwaka 1916. Mwaka 1939 aliingia katika kundi la Benny Goodman, akaonyesha ya kuwa gitaa laweza kusimama mbele ya bendi na kusema peke yake kama saksafoni isemavyo. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 25. Pikapu ile hakuibuni yeye, lakini hata leo mafundi huiita kwa jina lake. Hapa pana haki ya namna yake: aliyekitengeneza chombo alilipwa ujira, na aliyekipa ulimi ndiye aliyekipa jina.

Hata hivyo pikapu ya koili moja ilizaliwa na kasoro. Koili haijui kubagua. Hupokea mtetemo wa uzi, na kadhalika hupokea mvumo wa umeme utokao katika nyaya za nyumba, katika taa na katika transfoma. Umeme wa Marekani hugeuka mara 60 kwa sekunde, na wa Kenya na Tanzania mara 50. Uzi mnene wa gitaa hutetemeka karibu mara 82 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wenyewe huwa chini ya sauti zote za gitaa. Lakini mvumo hauji peke yake. Huja na wafuasi wake wa 100, 150, 200 na kuendelea, nao huketi pale pale ziketipo sauti za muziki. Mtu hawezi kuwachuja hao bila ya kuchuja na wimbo. Mpigaji akinyamaza, spika hunguruma. Akirekodi, ngurumo huingia katika sahani. Hilo ndilo tatizo lililowakabili mafundi wa miaka ya 1950, nao hawakulitazama kwa jicho moja.

Leo Fender wa mji wa Fullerton, California, alikuwa fundi wa redio aliyefungua duka lake la matengenezo mwaka 1938. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alijifunza haja za wapigaji kwa kuwasikiliza. Mwaka 1950 alitoa gitaa la ubao mzima usio na uvungu, ambalo tangu mwaka 1951 limeitwa Telecaster, na mwaka 1954 akatoa Stratocaster yenye pikapu tatu. Pikapu zote hizo zilikuwa za koili moja, na sumaku zake zilikuwa vijiti sita vya aloi yenye alumini, nikeli na kobalti, kila kijiti chini ya uzi wake. Sauti yake ilikuwa safi na yenye makali, ikipenya katikati ya bendi kama sindano ipenyavyo nguo. Fender aliuvumilia mvumo kwa ajili ya makali hayo. Wala hakuwa mtu asiyejua dawa yake, maana mwaka 1957 gitaa lake la besi lilipewa pikapu iliyokatwa vipande viwili vinavyofutiana mvumo. Katika besi aliitumia dawa. Katika gitaa la sauti nyembamba aliiacha.

Huko Kalamazoo alikuwako fundi mwingine, Seth Lover, aliyezaliwa mji huo huo mwaka 1910 na aliyevijua sana vikuza sauti. Aliona ya kuwa ndani ya vikuza sauti ilikuwako koili iliyotumiwa kuupunguza mvumo, akajiuliza kwa nini hila hiyo isitumike katika pikapu. Akachukua koili mbili, akazilaza ubavu kwa ubavu, akaielekeza sumaku ya moja kinyume cha sumaku ya nyingine, kisha akaziunga na waya zake kinyume pia. Hesabu yake ni nyepesi, nayo yapendeza. Mvumo wa hewani haujali sumaku. Huingia katika koili zote mbili kwa namna moja, na kwa kuwa koili zimeungwa kinyume, mvumo wa hii huufuta mvumo wa ile, kama deni lifutavyo akiba iliyo sawa nalo. Lakini mtetemo wa uzi hutegemea sumaku. Katika koili ya pili umegeuzwa mara mbili, mara moja kwa sumaku na mara moja kwa waya, na kilichogeuzwa mara mbili hurudi kama kilivyokuwa. Basi mvumo hufutwa, na sauti ya uzi hujumlishwa. Pikapu hiyo Wamarekani waliiita hambaka, maana yake mpinga mvumo.

Lover aliomba hataza mwezi wa Juni 1955. Mwaka 1957 Gibson walianza kuitia pikapu hiyo katika gitaa lao la Les Paul, na hataza ikatolewa mwezi wa Julai 1959. Lakini hakuwa peke yake. Ray Butts, fundi wa vikuza sauti wa Illinois, alikuwa akitafuta dawa ile ile kwa ajili ya mpigaji Chet Atkins, na pikapu yake ya koili mbili ilianza kutumiwa na kampuni ya Gretsch katika mwaka ule ule wa 1957. Butts aliomba hataza baada ya Lover, mwaka 1957, lakini alipewa kabla yake, mwezi wa Juni 1959. Tena, kabla yao wote wawili, wazo la kufuta mvumo kwa koili mbili lilikwisha kutumiwa katika vyombo vingine vya umeme katika miaka ya 1930. Nani basi mvumbuzi? Mwanafunzi wa historia asifanye haraka kulijibu swali hili kwa jina moja. Haja ilipoiva, mikono zaidi ya mmoja iliunyosha mti na kulichuma tunda.

Liko jambo lingine hapa liwafaalo wapendao kutegemea maandishi. Kwa miaka kadhaa chini ya pikapu za Lover kilibandikwa kikaratasi kilichosema ya kuwa hataza imeombwa. Baadaye, katika miaka ya 1960, kikaratasi kilibadilishwa, kikawekwa nambari ya hataza, 2,737,842. Atafutaye hataza yenye nambari hiyo hakuti pikapu hata kidogo. Hukuta kishikio cha nyuzi alichokibuni Les Paul. Wengi wamedhani ya kuwa nambari iliwekwa kwa makusudi ili kuwapoteza waigaji. Iwe hila au iwe kosa, fundisho ni lile lile: hati iliyopigwa chapa na mwenye kiwanda, tena iliyobandikwa juu ya kitu chenyewe, yaweza kusema lisilo kweli. Shahidi wa karatasi naye ahojiwe kama shahidi wa mdomo.

Sasa nalifikia jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii. Dawa ya Lover iliponya, lakini haikuponya bure. Koili mbili huusikia uzi mahali pawili palipoachana kwa karibu milimita 19. Kila sauti ya uzi ina sauti kuu na sauti ndogo nyingi za juu zinazoandamana nayo, na sauti hizo ndogo ndizo zinazoupa mlio makali yake. Baadhi yake ni fupi mno hata hupanda kwenye koili moja wakati zishukapo kwenye nyingine, nazo huondoana kama mvumo uondoanavyo. Zaidi ya hayo, koili mbili zilizoungwa kwa kufuatana huwa nzito kwa umeme, na kile kilele cha sauti za juu ambacho kwa pikapu ya Stratocaster hufika 4,000 kwa sekunde au zaidi, huteremka karibu na 3,000, kwa kadiri ya urefu wa waya iendayo kwenye kikuza sauti. Basi pamoja na mvumo, sehemu ya makali nayo huenda. Kibakicho ni mlio mnene, wa joto na wenye nguvu. Wengine waliuita utajiri, wengine waliuita utando. Wote wawili walisikia sawasawa.

Soko halikuamua mara moja. Les Paul ya pikapu mpya haikununuliwa sana. Zile za rangi ya machweo zilizotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1960 hazikufika 2,000, na baadaye kampuni iliubadili umbo lake. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna fundi aliyelikusudia. Mwaka 1966 kijana Mwingereza, Eric Clapton, akiwa na kundi la John Mayall, alirekodi kwa gitaa la Les Paul lililounganishwa na kikuza sauti cha Marshall, naye akakifungua kikuza sauti kwa sauti kubwa mno. Pikapu ya koili mbili ilipeleka umeme mwingi, valvu zikalemewa, na mlio ukatoka ukiwa na mkwaruzo mtamu na urefu kama wa zeze. Vijana wakayatafuta magitaa ya zamani, na mwaka 1968 Gibson wakarudia kuyatengeneza. Leo yale ya miaka ya 1958 hadi 1960 huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Tazama basi mzaha wa historia: chombo kilichobuniwa ili kuleta usafi kilipata umaarufu kwa sababu kilifaa kuleta mkwaruzo. Lover aliondoa kelele moja, na wapigaji wakaitumia nafasi ile kuingiza nyingine waliyoipenda.

Wala pikapu ya koili moja haikufa. B. B. King alikaa na koili mbili, akaufanya uzi mmoja ulie kama mtu. Jimi Hendrix alikaa na Stratocaster, na huko Woodstock mwaka 1969 koili zake moja moja zilitoa sauti ambazo wengi walidhani zahitaji vyombo vikubwa zaidi. Wapigaji wa Stratocaster waligundua pia ya kuwa swichi ya nafasi tatu ikishikwa katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili huungana na kutoa mlio wa kupendeza ambao Fender hakuupanga. Mwaka 1977 kiwanda kilikubali na kuweka swichi ya nafasi tano. Na Lover mwenyewe? Mwaka 1967 alihamia kampuni ya Fender, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 pikapu mpya ya koili mbili aliyoibuni huko ilitiwa katika Telecaster. Ugomvi wa nyumba mbili uliishia kwa kuoana.

Habari hizi hazikubaki ng'ambo. Mwaka 1953 Bill Alexandre, Mbelgiji, alifika Leopoldville na gitaa la umeme kwa ajili ya studio ya CEFA, na kizazi cha vijana wa Kongo kikasikia ya kuwa gitaa laweza kuongoza dansi nzima. Sahani za Kongo zilivuka maziwa zikatufikia, na katika miaka ya 1960 bendi kama Morogoro Jazz, iliyokuwa na Mbaraka Mwinshehe, ziligawa kazi baina ya magitaa kadhaa: solo, ridhimu na besi. Mgawo huo wadai ya kuwa kila gitaa lisikike kwa sauti yake. Magitaa mawili yenye mlio mnene wa namna moja hukanyagana, na msikilizaji husikia wingu mahali pa mazungumzo. Lakini moja likiwa kali na jingine likiwa nene, hujibizana kama ndugu wawili waliotofautiana kimo. Kwetu, basi, uchaguzi wa mlio ni jambo la jamaa nzima ya bendi, wala si la mpigaji mmoja peke yake.

Kutokana na haya twaweza kumpa mchaguzi maneno machache yenye msingi. Atakaye kila uzi usikike mbali na mwenziwe, au ridhimu nyepesi inayopenya, au solo ya kung'ara isiyo na mkwaruzo, achague koili moja, naye akubali kuishi na mvumo. Atakaye mlio wa joto, au mkwaruzo mnene usionguruma akinyamaza, achague koili mbili, naye akubali kupoteza sehemu ya makali. Asimamaye katikati aitazame pikapu ya P-90 ya Gibson, iliyotoka mwaka 1946: ni ya koili moja, huvuma, lakini ni nene kuliko za Fender. Tena asisahau mahali: pikapu ya karibu na daraja husikia makali zaidi, na ya karibu na shingo husikia unene zaidi, hata zikiwa za namna moja. Mwingi wa ugomvi wa wapigaji juu ya aina ni ugomvi wa mahali uliovalishwa nguo ya aina.

Nimeyasema haya si kwa ajili ya wapigaji tu. Sisi wanafunzi wa mambo yaliyopita hupenda kuyapanga mavumbuzi kama ngazi, kila kidato juu ya chenziwe, na kumwona aliyebaki chini kuwa ni mtu aliyechelewa. Pikapu hizi hazikai katika ngazi hiyo. Ya pili ilikuja kuondoa kasoro ya kwanza, na kwa kweli iliiondoa. Lakini kasoro ile ilikuwa imefungamana na uzuri, na mkono ulioing'oa moja ulikwaruza na mwingine. Kwa hiyo watu, baada ya miaka sitini na zaidi ya kujaribu, wameviweka vyote viwili. Tusomapo habari za dawa yoyote, ya chombo, ya lugha au ya desturi, tusiulize tu imeponya nini. Tuulize pia imechukua nini ilipokuwa ikiondoka.